Kwa nini msitu wa kwenye riwaya unatisha hivyo?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mi niko Tukuyu, mwalimu wa sekondari, kila riwaya ya kigeni nayosoma msitu ni giza, homa na watu kurukwa akili, mbona sisi wa huku Rungwe tunauona tofauti kabisa?

JIBU: Marahaba mwalimu. Ukiangalia vizuri msimuliaji wa hizo riwaya karibu kila mara ni mgeni, kaja na boti, hajui jina la mti hata mmoja, sasa atauelezeaje zaidi ya kusema unatisha? Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza Joseph Conrad aliandika hivyo kuhusu Kongo mwaka 1899, na Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, akamjibu kwa ukali kwenye mhadhara wa 1975 kwamba Afrika imefanywa pazia tu la nyuma ya mzungu anayechanganyikiwa. Mi niko na Achebe kabisa.

Cheki kipunji, yule kima wetu wa Rungwe, wanasayansi wamemtambua 2003 wakati wawindaji wa Kinyakyusa walishamtaja kitambo, ana ushungi kichwani na mlio wa ajabu kama mbwa anabweka huku kakabwa koo. Msitu wenye kipunji, mianzi na ukungu wa saa nne asubuhi bado unaweza kutisha, ila unatisha kwa majina yake. Waambie wanafunzi wako waandike huo.