Maswali ya Wasomaji: Kushika Utaratibu wa Siku Mambo Yanapobana

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinagusa jambo moja: maisha yamebana, mwili umechoka, na kila utaratibu mtu anaojiwekea unavunjika kabla wiki haijaisha. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Asalaam aleikum. Nina duka la vitambaa Barabara ya 12, Ngamiani. Biashara imelala na nina marejesho mawili kila wiki. Niliamua kubadilika: niamke saa 11 alfajiri, nikimbie nusu saa, nisome Kurani, niandike mapato na matumizi, niache soda, nilale saa 4. Nashika siku tatu nne, halafu naanguka, nakaa wiki mbili bila kufanya lolote. Mume wangu anasema sina nidhamu. Nasikia tabia hujengeka kwa siku 21. Mimi hata 7 sijawahi kufika.
*Dada wa Ngamiani*

Waaleikum salaam, dada. Tuanze na hilo la nidhamu, maana linakuumiza bure. Umejibebesha mambo sita mapya kwa mpigo, tena wakati kichwa kimejaa hesabu za marejesho. Jambo jipya linataka ulikumbuke na ulisimamie kila mara, na msongo wa mawazo unakula uwezo huohuo wa kukumbuka na kusimamia. Jambo lililozoeleka halihitaji hayo. Hata wiki ile mbaya kabisa, mswaki unapiga. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kulifikisha jambo moja tu kwenye hali hiyo ya mswaki, basi.

Siku 21 zisikutishe. Hesabu hiyo ilienea kutokana na maandishi ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960. Aliona wagonjwa wake wanachukua walau siku kama 21 kuizoea sura mpya baada ya upasuaji. Hakuwa anapima tabia. Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na jambo moja alilolichagua. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kujiendea lenyewe, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Walichogundua kingine ndicho tunachotaka ukishike zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Katika yale sita, tungekushauri uchague daftari la mapato na matumizi, kwa sababu linagusa kile kinachokunyima raha. Liandikie sentensi moja ya namna hii: "Nikishahesabu pesa za droo jioni, kabla sijashika kufuli, naandika mistari mitatu: nilichouza, nilichotumia, kilichobaki." Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya sentensi za "nikifanya hili, nafanya lile", na zinasaidia kwa sababu tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha. Ukiandika "jioni" peke yake hutafika mbali, maana jioni haina mlango wa kuingilia. Droo ya pesa unaifungua kila siku. Daftari likae humohumo chini ya noti, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye jalada lake. Likikaa kwenye mkoba, siku utakayobadili mkoba ndiyo siku utakayoacha.

Mistari mitatu ni dakika mbili. Kipimo ni hiki: je, siku mtoto ana homa, umeme umekatika na mteja hakuingia hata mmoja, utaweza? Kama huwezi, bado ni kubwa, ipunguze hadi mstari mmoja.

Yanayoharibu ni mawili hasa. La kwanza, wiki ya kwanza ikienda vizuri unatamani kuongeza: sasa uandike na madeni ya wateja, na bei za jumla. Usiongeze. Ngoja mpaka siku ujikute umeshaandika bila kujikumbusha; kwa wengi ni mwezi wa pili au wa tatu. La pili, ukikosa jana unataka leo uandike za siku mbili. Acha ukurasa wa jana mtupu, andika ya leo. Ukijitoza faini, daftari litageuka deni la tatu, na madeni unayo tayari.

Kurani hukuhitaji kuitafutia saa. Swala tano tayari ni ndoano. Baada ya kutoa salamu ya Alfajiri, kabla hujaukunja msala, aya tatu. Jambo hili lianze daftari likishazoeleka. Soda nayo, acha tu kuiweka dukani. Ya kufuata kwa miguu utainywa kwa nadra. Na mume wako, tafadhali mwonyeshe ukurasa huu.

Naendesha bodaboda, kituo changu ni Kange. Napaki saa 5 usiku kwa sababu ya hesabu ya tajiri. Nakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu viwili kwa siku, cha pili saa 1 jioni, na kahawa kijiweni. Nikifika nyumbani usingizi hauji, nashika simu hadi saa 7 na zaidi. Saa 11 na nusu niko macho. Mchana nasinzia nikiwa na abiria.
*Kijana wa Kange*

Kaka, hilo la mwisho lije kwanza. Ukisinzia juu ya pikipiki, simama. Kunawa uso na kuongeza sauti ya muziki kunakupa dakika chache tu, kisha usingizi unarudi bila kukupigia hodi. Tafuta kivuli kati ya saa 7 na saa 9 mchana, zima pikipiki, tegesha simu dakika 25, ulale. Dakika 20 za usingizi zinatosha. Zikizidi 40 utaamka mzito, na usiku utasumbuka zaidi.

Sasa kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye makopo yako na kahawa. Mwili wa mtu mzima unachukua takriban saa tano kuipunguza kwa nusu. Kwa wengine ni zaidi. Kopo la saa 1 jioni, saa 6 usiku nusu yake bado imo mwilini, na saa 11 alfajiri imebaki robo. Unaanza siku na mabaki ya jana, umechoka, unafungua kopo jingine. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa ni kidogo kuliko kahawa. Mwisho wako uwe saa 8 mchana.

Usikate yote siku moja. Kichwa kitakuuma sana kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye, na maumivu hayo yanaweza kudumu siku kadhaa. Hapo ndipo wengi huirudia. Wiki ya kwanza ondoa kopo la jioni. Wiki ya pili, kopo la asubuhi ligeuze kikombe kimoja cha kahawa. Kijiweni endelea kwenda, kwa sababu mazungumzo ya wenzio yanakutuliza moyo kuliko simu. Agiza tangawizi na kashata yako, kaa.

Kulala: saa ya kuamka ndiyo nanga, ishike hata Jumapili, ukizidisha isiwe zaidi ya saa moja. Ukiamka toka nje upate mwanga, maana ndio unaoiambia saa ya mwili siku imeanza. Simu ichajiwe mbali na kitanda, pahali ambapo lazima usimame kuizima. Ukilala kama dakika 20 usingizi haujaja, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu bila simu, rudi ukianza kusinzia. Ukibaki unagaagaa, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Miezi ya kaskazi, joto la Tanga lina unyevu na mwili haupoi upesi. Oga saa moja kabla ya kulala, fungua dirisha, chandarua kiwe kipana kisigusane na ngozi.

Hata ukifanya yote haya, kati ya saa 6 na saa 11 na nusu ni saa tano na nusu, na mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Hapo hakuna mbinu inayofidia. Kwa wiki moja andika unachopata kati ya saa 4 na saa 5 usiku peke yake, toa petroli. Weka namba hiyo kando ya bei ya makopo mawili ya kila siku. Inawezekana kabisa ukaona kupaki saa 4 hakukupunguzii kitu.

Mimi ni mwalimu, Pongwe. Nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kulipa ada. Usingizi naupata, lakini saa 9 usiku naamka, kichwa kinaanza hesabu mpaka adhana. Nimejaribu kuacha kuwaza, nashindwa.

Mwalimu, wazo ukilifukuza linarudi na wenzake. Lipe miadi. Kila siku saa ileile, tuseme saa 11 jioni ukisharudi shule, kaa mezani dakika 20 na karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni mambo ambayo kuna hatua unaweza kuichukua. Ya pili ni yale ambayo hakuna.

Mfano wa safu ya kwanza: "Rejesho la Ijumaa ni 40,000, ninazo 25,000." Usiishie hapo, andika hatua, siku na saa: "Jumatano saa 4, wakati wa mapumziko, nimpigie anayenidai, nimweleze nitalipa 25,000 Ijumaa na 15,000 Jumanne." Kupiga kabla ya siku kufika kuna nafasi ya kusikilizwa kuliko kujificha baada yake. Na kuanzia sasa usikope kwingine ili kulipia huku. Safu ya pili ni kama "je, mtoto atapata kazi akimaliza?" Liandike, liache hapo.

Usiku likija, andika neno moja gizani kwenye kijikaratasi kilicho kando ya kitanda, uliahirishe hadi saa 11 jioni. Siku za kwanza halitakubali. Baada ya wiki moja au mbili za kushika miadi bila kukosa, nguvu yake huanza kupungua. Wanaoshindwa ni wale wanaofanya kikao chao kitandani, au saa 3 usiku karibu na kulala.

Mwili nao utulize. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mkono mmoja juu ya tumbo, tumbo liinuke kabla ya kifua. Dakika tano ni pumzi kama 30. Ukihisi kizunguzungu au ganzi midomoni na vidoleni, unavuta nyingi mno na hewa ya ukaa imepungua kwenye damu. Vuta kidogo zaidi, polepole; itaondoka.

Nataka kufanya mazoezi lakini jimu sina uwezo nayo, joto kali, na naona haya kukimbia barabarani.
*Mama wa Chumbageni*

Mama, huhitaji kukimbia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kutembea haraka kwenda sokoni na kurudi kunahesabiwa, na dakika kumi kumi zinajumlishwa. Toka baada ya Alfajiri au baada ya saa 11 jioni. Upepo wa upande wa Raskazone ni mzuri saa hizo. Mji wetu ni tambarare na akina mama kwenye baiskeli hakuna anayewashangaa. Siku za masika, ndani: inuka na ukae kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Kunywa maji kabla hujatoka.

Mdogo wangu alikuwa kibarua bandarini, kazi ikaisha. Mwezi sasa hatoki chumbani, hali chakula vizuri, haogi mpaka aambiwe. Juzi alisema "bora nisingekuwepo". Nimpangie ratiba gani?
*Kaka mtu, Makorora*

Kaka, usimpangie ratiba kwanza. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, pamoja na kubadilika kwa usingizi na kula, ni dalili za sonona. Ni ugonjwa na unatibika. Kumwambia ajikaze kunamwongezea aibu tu.

Maneno yale ya juzi yachukulie kwa uzito leo hii. Muulize wazi, mkiwa wawili: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi kunampa nafuu ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku, ondoa nyumbani dawa za wadudu na za panya na vidonge vilivyobaki, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, inapokea dharura saa zote. Akikataa kabisa kwenda Bombo, nenda naye walau zahanati iliyo karibu na Makorora, wampe rufaa.

Uende naye wewe mwenyewe, uingie naye kama ataridhia. Andika kabla hamjatoka: yalianza lini, analala saa ngapi, amekula nini siku tatu zilizopita, anatumia dawa, pombe au kitu kingine chochote, na kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua hivi. Akiandikiwa dawa za sonona, nyingi huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nafuu, na familia nyingi huziacha wiki ya kwanza zikidhani hazifanyi kazi. Asiziache bila kumwona daktari. Nyumbani, asubuhi mtoe barazani mkae robo saa, umletee chai na mbaazi, azungumze au anyamaze. Kesho yake vilevile.