Gari limezimia kwenye maji? Usipige stata

Ndugu, umeuliza kama ujaribu kuwasha gari lililozima katikati ya dimbwi. Usiwashe, hata mara moja. Maji yakishaingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa, pistoni hupanda kuyabana, na maji hayabaniki kama hewa. Kinachopinda ni konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, na hapo unazungumzia kufungua injini nzima.

Lisukumeni litoke, chomoa waya wa betri, kisha fungua boksi la kichujio cha hewa. Kichujio kikiwa kikavu kabisa, una bahati. Kikiwa chapachapa, fundi atoe plagi zote ndipo azungushe injini, maji yaruke nje. Achomoe na stiki ya oili: ikiwa nyeupe-nyeupe kama maziwa, imwagwe yote.

Siku nyingine maji usiyoyaona chini, geuza. Yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 30 tu kinatosha kubeba gari dogo. Ukishavuka dimbwi, gusagusa breki taratibu zikauke, maana zikilowa hazishiki vizuri.

Halafu angalia tairi. Kashata, yaani ile mifereji ya kwenye tairi, zikiisha, maji hayana pa kukimbilia na gari linaelea juu yake. Utahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla. Toa mguu kwenye mafuta polepole, shikilia usukani unyooke, usikanyage breki kwa nguvu. (Mimi niliikanyaga. Nilisimama nikitazama nilikotoka.)

Waipa badilisha leo, ni kitu kidogo.