Anang'ata wenzake, nimwambieje mama yake?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mlezi kwenye deikea moja huku Mbagala, walezi tuko wawili watoto 19. Kuna katoto ka miaka miwili na nusu kanang'ata wenzake balaa, wiki iliyopita watatu, wazazi wananijia juu mimi. Mama yake saa 12 asubuhi anamuacha getini anawahi daladala, jioni anakuja giza limeingia macho kwenye simu. Nikamuuliza huyu nyumbani hamumfunzi adabu? Tangu siku hiyo hata salamu hakuna. Nimwambie amtoe tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Ila hapo hukuuliza, ulihukumu, hata mimi ningenuna.

Mtoto wa umri huo maneno bado hayamtoshi, akinyang'anywa kigari anajibu kwa meno. Chukua daftari, siku tano tu, andika kang'ata saa ngapi, nani alikuwa karibu na nini kilitangulia, unaweza kukuta ni saa nne uji ukichelewa, au mvua ikinyesha mkiwajaza wote chumba kimoja. Halafu muite kwa nyuma, anageuka? Sikio likiwa na usaha au limejaa maji baada ya mafua mtoto hasikii vizuri, kuongea kunachelewa, sisi tunasema mkaidi. Ukiona hivyo mama ampeleke kliniki, na kadi yake. Programu ya taifa ya MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021 na inahimiza malezi yenye mwitikio, yaani kumsoma mtoto anataka nini na kumjibu, maneno makubwa lakini ndo haya haya ya daftari.

Sasa wewe. Huyo mama akitokea na simu yake unasikiaje moyoni? Mimi nilipokuwa nafundisha chekechea nilikuwa nawakasirikia kinamama wanaochelewa, kinababa wakichelewa nawachekea tu, nikaja kukumbuka shuleni mimi ndo nilikuwa nabaki wa mwisho kusubiri mama. Nilikuwa nawalipisha deni si lao.

Getini usiongee naye, ana haraka. Hiyo simu inayokukera ndo itumie, mtumie voisi fupi WhatsApp, anza na samahani, mwambie leo mwanae kacheka sana kwenye mchanga, kisha muulize, akikasirika nyumbani mnamtulizaje? Halafu nyamaza, usimjibie. Akikaa siku mbili kimya msubiri.

Kumtoa hapana, ataenda kung'ata deikea nyingine. Ila 19 kwa wawili ni wengi mno, hilo mbane mwenye kituo, sio huyo mama.