Jina nililodhani ni langu

Mwaka wa tatu wa biashara yangu ya korosho nilikwenda maonesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Nilikuwa na meza moja, mizani ya kuazima na pakiti mpya zilizochapwa Dar es Salaam, zile zinazosimama zenyewe na zina dirisha dogo mbele mteja aone korosho nzima. Nilijiona nimefika. Kijana mmoja akanunua robo, akaigeuza pakiti, akasoma nyuma, kisha akauliza, "Dada, hili jina umelisajili?"

"Nimesajili. Cheti cha BRELA kiko nyumbani, nimekitundika ukutani." BRELA ndiyo wakala wa serikali wa kusajili biashara.

"Kama jina la biashara au kama alama ya biashara?"

Nikamwambia si yote ni yale yale? Akacheka kidogo, kwa adabu, akanionyesha simu yake. Pakiti ya korosho, jina langu herufi kwa herufi, muuzaji mwingine kabisa. Nilipofuatilia baadaye nikakuta mwenzangu alishalisajili kama alama ya biashara. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu sasa lina mwenyewe.

Ndipo nilipoanza kujisomesha miliki ubunifu, yaani haki za mtu juu ya majina, michoro na ubunifu wake, nikiwa tayari nina pakiti 3,000 stoo pale Chikongola, Mtwara. Wewe anza mapema kuliko mimi.

Kosa langu ndilo ninalokutana nalo kila siku kwa wajasiriamali wa huku kwetu, Masasi hadi Lindi mjini. Cheti cha jina la biashara kinasema tu kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine kuliweka jina hilo kwenye bidhaa. Haki hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na maombi yake ni mengine, japo mlango ni ule ule wa BRELA na yanafanyika mtandaoni. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45, na unalipia kila daraja unaloomba. Korosho iliyobanguliwa na kukaangwa iko daraja la 29. Korosho ghafi iko la 31. Ukisajili jina kwenye fulana, ambazo ni la 25, usishangae mtu akilitumia kwenye korosho.

Ombi likipita linatangazwa kwenye jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60. Hapo ndipo iliponipita. Siku 60 zile nilikuwa msimuni, nahangaika na wabanguaji na umeme, sijui hata kama kuna jarida. Wakili niliyemwendea aliniambia njia ya kudai jina ambalo hujalisajili ipo, ila ujiandae kuthibitisha kwamba wateja walikuwa wanalitambua kama lako kabla ya mwenzio. Nilikuwa na nini? Daftari la mauzo lenye madoa ya mafuta, na picha za WhatsApp. Nikapiga hesabu ya nauli, ya wakili na ya muda, nikabadilisha jina. Wapo watakaoniona mwoga. Sawa.

Jina la pili nililichagua kwa akili. Dada yangu alitaka "Korosho Tamu za Mtwara". Haliwezi kukusaidia jina la namna hiyo, kwa sababu linaeleza tu bidhaa na linakotoka, na kila mtu wa Mtwara ana haki ya kusema korosho zake ni tamu na ni za Mtwara. Nikachukua jina la utani alilonipa bibi nikiwa mdogo, neno ambalo hulikuti kwenye kamusi yoyote. Usajili unadumu miaka 7, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara. Na kama unapeleka mzigo Unguja, kumbuka Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Cheti cha Bara hakivuki maji.

Nembo nayo ilinipa somo lake. Aliyenichorea alinitumia picha kwa simu, nikalipa, tukaagana. Hatukuandikiana chochote. Mchoro ni kazi ya hakimiliki, chini ya sheria ya mwaka 1999, na hakimiliki inaanza pale kazi inapotengenezwa, hata kabla hujakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili wa kule unakupa ushahidi. Kwa hiyo swali la nembo ni ya nani linataka karatasi. Mara hii niliandika ukurasa mmoja: amenihamishia haki zote, amenipa faili halisi, sahihi mbili, tarehe. Hakuchukia hata kidogo.

Mjomba wangu ni mchongaji, na aliposikia nimesoma mambo haya akaniletea kesi yake: kuna mtu Nairobi anachonga vinyago vya mashetani kama vya kwake. Nikamwuliza, anachonga kama wewe, au amenakili kinyago chako kile? Maana mtindo hauna mwenyewe. Ungekuwa nao, nusu ya wachonga mpingo wangekuwa mahakamani. Kinyago chenyewe, kile ulichokitoa wewe kwenye gogo, ni kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Siku hizi anapiga picha kila kazi kabla haijatoka nyumbani, anaandika tarehe nyuma ya daftari la mkopo.

Na mashine? Kama fundi wako amebuni kibanio kipya cha kubangulia, hiyo ni habari ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na kitu lazima kiwe kipya. Aulizie BRELA kabla hajakipeleka Nanenane watu wakipige picha. Namna bibi alivyokuwa akilowesha korosho kwenye maji ya chumvi kabla ya kukaanga sijaipeleka ofisi yoyote; hiyo inalindwa kwa kuwa siri. Tunaijua watu wawili, na mfanyakazi wangu anakuta maji yameshachanganywa.

Pakiti za zamani bado zipo kama 1,800 hivi. Wanangu wanaziandikia hesabu upande wa ndani.