Maswali ya Wasomaji: Nota Zimejaa Nyumba

SWALI: Nina nota za muziki zaidi ya 1,000, za piano na za kwaya, zilizorundikana katika maboksi. Nizipangeje ili nipate wimbo ninaoutaka bila kupekua usiku kucha?

JIBU: Anza kwa kuzitenga kufuatana na chombo au sauti zinazohusika, kisha kila fungu ulipange kwa jina la mtunzi kialfabeti, kwa kuwa mpangilio wa majina ya nyimbo huvurugika pale kitabu kimoja kinapobeba nyimbo 30. Nyimbo za mkusanyiko wa namna hiyo ziorodheshe kwenye daftari au kompyuta, ukionyesha kitabu na ukurasa.

Karatasi moja moja zitie kwenye majalada yasiyo na asidi, nawe ung'oe klipu na pini, maana kutu yake huacha alama ya kahawia isiyotoka. Selotepu ni adui mkubwa zaidi: gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Maboksi yasikae sakafuni wala kuegemea ukuta wenye unyevu, na namba zinazoonyesha kidole cha kupigia kila nota ziandikwe kwa penseli tu.