Maswali Yenu: Kituo cha Utafiti wa Dimenshia Kinapimwaje?

*Niko Minneapolis, mratibu wa jaribio la dawa ya Alzheimer. Mfadhili anapanga vituo kwa idadi ya washiriki tunaoandikisha kila mwezi, na sisi tuko mkiani. Tu wabovu kweli?*

Ndugu yangu, idadi inapendwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu, basi. Tazama jaribio kubwa la lecanemab, dawa ya Alzheimer: washiriki 1,795, miezi 18, na tofauti kati ya dawa na plasebo, yaani dawa bandia, kwenye CDR-SB, kipimo cha jinsi kumbukumbu na uwezo wa kila siku unavyopungua, ilikuwa alama 0.45 kati ya 18. Kipimo hicho kina visanduku sita, na hatua ndogo kabisa ni nusu alama. Mpimaji akikosea kisanduku kimoja, kwa mshiriki huyo ameshaipita tofauti nzima iliyotafutwa. Na wanakosea! Wengine wanamhoji mke mumewe akiwa palepale, wakati kila mmoja anatakiwa kuhojiwa peke yake. Mama wa watu atasemaje kwamba mzee anapotea njia ya msikitini, na mzee mwenyewe anamtazama?

Mwambie mfadhili aweke na safu nyingine: waliobaki hadi mwisho, alama zilizorudishwa na wakaguzi, ziara zilizofanyika nje ya muda, na MRI za usalama, yaani picha za ubongo, zilizochelewa. Dawa hizi zinaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo. Kituo kinachojaza watu huku MRI zinasubiri, mimi ningekifungia uandikishaji kesho.

*Tunachuja wengi, wanafuzu wachache. Kosa letu?*

Si lazima. Utafiti wa A4, nao jaribio la dawa ya kuzuia Alzheimer, ulichunguza watu 6,763, wakaingia 1,169. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye kwake karibu kila mtu anafuzu. Kwenye majaribio ya bapineuzumab, dawa nyingine ya Alzheimer, baadhi ya washiriki walipopigwa picha za ubongo za PET ilionekana kwamba zaidi ya theluthi ya wasio na APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, hawakuwa na amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo, yaani kile kitu chenyewe ambacho dawa ililetwa kukiondoa.

Angalieni pia alama za kuingilia. Kama kikomo cha chini cha MMSE, mtihani mfupi wa kumbukumbu na akili, ni 22 na wazee wenu wamerundikana kwenye 22 na 23, kuna mtu amewaongezea alama ili wapite mlangoni. Ziara inayofuata wataonekana wameporomoka, na hakuna ugonjwa uliokimbia hivyo.

*Tuletee majibu ya maswali ya MMSE ili baba afanye mazoezi kabla ya kwenda kuchujwa.*

Hapana. Na atakayeniuliza wiki ijayo, hapana vilevile. Mnataka baba atundikiwe dripu yenye hatari ya kuvuja damu kwa alama za uongo?

*Mzee hakusoma. MMSE itamfaa?*

Haitamtendea haki. Inamtaka aandike sentensi na kunakili michoro miwili yenye pembe tano iliyopishana. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu anafeli shule, si kumbukumbu. Kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wa Hai, Kilimanjaro, kinampa njiti za kiberiti apange umbo. Kituo chenye wazee wa namna hii kikihukumiwa kwa MMSE pekee, msishangae takwimu zake zikiwa za ajabu.

*Mshiriki haji tena. Tuandike "amejitoa"?*

Kwanza ulizeni nani alikuwa akimleta. Mara nyingi mzee hajakataa chochote. Binti amebadilishiwa zamu kazini. Kuacha dawa, kukosa usafiri na kuondoa ridhaa ni mambo matatu, na fomu inataka lililo kweli. Anayeacha dawa, kama ridhaa ipo, mnaweza kuendelea kumpima. Lipieni teksi kama itifaki, yaani kanuni za jaribio, inaruhusu.

*Monita wetu, mkaguzi wa kumbukumbu za jaribio, husifu mafaili kila akija. Hiyo inatosha?*

Mafaili safi mno ndiyo ninayoyafungua kwanza. Nimewahi kuletewa kurasa ambazo wazee wote, wa miaka 60 kwa 85, walikuwa na shinikizo la damu 120/80, ziara baada ya ziara.

Mashine ya kupimia ilikuwa bado kwenye boksi lake.