Usithibitishe kozi ukiwa na nia ya kuihama

Mhariri, swali lenu la wiki hii linamhusu kijana aliyechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja ni chuo anachokiota tangu kidato cha tatu, ila kozi aliyopewa siyo aliyoiomba kwanza, na anaambiwa huenda akahama akishafika. Kingine hakina jina kubwa, lakini kozi yake inakaribia anachokitaka. Mnauliza: athibitishe wapi, yaani akubali nafasi ya chuo kipi na kukiacha kingine?

Mimi nasema athibitishe ile kozi ambayo yuko tayari kuisoma mpaka siku ya kuvaa joho hata kama hakuna kitakachobadilika njiani. Nayasema haya kwa sababu nilifanya kinyume chake.

Nilimaliza kidato cha sita 2018, tahasusi ya PCB. Kemia nilipata B, Baiolojia C, Fizikia D. Kwa hesabu ya vyuo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, kwa hiyo nilikuwa na pointi 9. Katika kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, nikasoma kwamba anayetaka MD, shahada ya udaktari, awe na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na jumla ya pointi isiyopungua kiwango cha chini, ambacho nilikuwa nimekipita. Nikajiona nimevuka mto. Kumbe kile kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Kiti anapewa mwenye pointi nyingi kuliko jirani yake, na vyuo kama Muhimbili huwa vinajaza viti vyake mbali sana juu ya kiwango hicho.

Niliomba vyuo vitatu, kote nikaweka MD ya kwanza. Awamu ya kwanza ilipotoka, chuo kikubwa cha serikali kilinipa Sayansi na Ualimu. Chuo cha afya cha binafsi kilinipa Uuguzi. MD sikuiona popote.

Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha uliingia kwenye simu ya mama, akiwa sokoni Kahama anapima mchele. Alimalizana na mteja kwanza, akapangusa mikono kwenye kanga, ndipo akanipa simu. Jioni kikakaa kikao. Mjomba alikuwa na neno moja tu: chuo kikubwa, mpwa wangu, watu wakisikia watajua umesoma. Kaka wa rafiki yangu, ambaye alikuwa mwaka wa pili chuoni hapohapo, akapigilia msumari: "Wewe thibitisha, ukifika unaandika barua, unahama." Kwa kuwa alikuwa chuo na sisi hatujafika, tuliipokea kauli yake kama Injili. Asubuhi nikaenda steshenari karibu na stendi, nikalipa shilingi elfu moja, nikaingiza namba ile. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Na Uuguzi? Niseme ukweli, niliubeza. Kijana wa kiume, nguo nyeupe, "nesi", nilishaanza kusikia kicheko cha wenzangu wa bwenini. Sikujiuliza nilichokuwa nakitaka hasa kwenye udaktari ni nini. Ningejiuliza ningejua kwamba nilitaka wodi: kukaa na mgonjwa, kumwona akiingia amebebwa na akitoka kwa miguu yake. Uuguzi ungenifikisha kwenye hiyo wodi. Chaki haikunifikisha.

Wiki ya pili chuoni nikaenda kuhama. Foleni ilianzia mlangoni ikashuka ngazi mbili, na karibu kila mtu alikuwa na kaka wa rafiki yake. Mama mmoja wa ofisi ya udahili alipokea fomu yangu, nikamwamkia, akaitikia, akafungua karatasi yake. "Una tisa. Wa mwisho kuchukuliwa MD mwaka huu ana kumi na moja." Nikamwambia nitasoma kwa bidii. Hakucheka. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ukiwa na pointi za kuhamia, ungekuwa nazo za kuingilia."

Sentensi hiyo ningependa ibandikwe kila steshenari yenye intaneti nchi nzima. Masharti ya kuhama ni mawili na hakuna linalohusu bidii: uwe na pointi walizotumia kuchukua watu wa kozi ile mwaka uleule, na pawe na nafasi, kwa sababu idadi ya wanafunzi wa kila kozi ina kikomo. Kwenye udaktari kikomo hicho hakisukumwi kirahisi, maana kitanda kimoja cha wagonjwa hakiwezi kuzungukwa na wanafunzi arobaini. Anayehama kweli mara nyingi ni yule ambaye alistahili tangu mwanzo akaomba vibaya. Mwanafunzi aliyezidiwa pointi anakwenda kuzidiwa tena, safari hii akiwa ameshalipia godoro la hosteli.

Kuna na suala la mkopo. Bodi ya Mikopo inakupangia fedha kwa chuo na kozi yako. Ukihama, mkopo nao unahamishwa kwa utaratibu wake, na wenzangu waliohama chuo kizima walikula kwa madeni wakisubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo. Baadaye ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, uwe uliipenda kozi au ulinuna miaka yote.

Lakini nisiwafiche upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo jibu langu linapochechemea. Vyuo vya afya vya binafsi ada yake ni mamilioni kwa mwaka, na mkopo si lazima uzibe yote. Kozi uliyopewa bila ada ya kuilipia bado hujaipata. Nawafahamu waliothibitisha kozi ya ndoto zao wakarudi nyumbani muhula wa pili. Kikao cha familia kianze na daftari la hesabu, mjomba aje baadaye.

Kaka yangu mkubwa ananicheka nikieleza haya. Yeye aliingia chuo 2012, enzi za mfumo mmoja wa TCU. Ulikuwa unaorodhesha kozi kwa kipaumbele, mfumo unakuchagulia moja, unafungasha. Swali lenu lisingekuwepo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 tunaomba vyuoni moja kwa moja, na ndiyo maana mtu anaweza kuamka na vyuo vitatu mkononi na akili imemruka. Sirudishi mfumo wa zamani. Uhuru huu naupenda, ila umewakuta watoto wa miaka kumi na tisa wakiwa na siku chache tu za kuamua.

Sasa hivi nafundisha Kemia sekondari, na kila Julai matokeo yakitoka wanafunzi wangu wa zamani wananipigia. Huwa nawaomba wamtafute mtu wa mwaka wa pili wa ile kozi ya akiba, wamuulize Jumanne yake inaendaje, saa kwa saa. Kozi ya ndoto haina haja ya kuulizwa, hiyo ushaipenda. Na kwa anayetaka udaktari lakini pointi zimegoma, namweleza habari za mwenzangu wa PCB niliyemzidi pointi. Hakuthibitisha chochote. Alikwenda kusoma Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu, akatoka na GPA (wastani wa alama) ya zaidi ya 3.0, akaomba MD kwa njia hiyo akapata. Amechelewa, ndiyo. MD yenyewe ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na wengine wataona ni safari ndefu mno. Ila ananitumia picha akiwa na stetoskopu shingoni, mimi namtumia za ubao.

Mwaka jana ikawa zamu ya mdogo wangu wa kike. Alitaka MD kama mimi, akakosa kama mimi. Mkononi alikuwa na Famasi Mwanza na kozi ya mazingira Dar es Salaam. Mjomba, hajabadilika: Dar! Mdogo wangu akanipigia usiku, nikamuuliza swali moja tu: "Mwaka wa tatu ukijikuta bado uko darasa hilohilo?"

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. "Famasi naweza, kaka. Ile nyingine ningekuwa nanuna kila siku."

Akathibitisha Famasi. Aliyenuna ni mjomba, siku mbili.